Penseli za Rangi Nyumbani: Farasi wa Kitabuni na Ng'ombe wa Zizini

Wazazi wengi wanaijua habari hii. Mtoto anarudi kutoka shuleni na kuomba fedha za penseli za rangi. Baba anauliza ni za kazi gani. Mtoto anajibu: "Za kuchorea farasi, Baba." Baba anacheka, maana katika kijiji chote hakuna farasi hata mmoja, wala babu yake mtoto hakupata kumwona. Tena fedha ile ile inatakiwa kwa chumvi, sabuni na daftari. Basi, ama mtoto ananyimwa, ama ananunuliwa boksi la bei ya chini kabisa, na kabla ya juma kwisha nusu ya penseli zimevunjika. Halafu watu husema: "Kuchora ni kupoteza fedha."

Je, ni kweli? Si kweli. Kinachopoteza fedha ni kununua bila kujua, na kuchora bila kutazama. Mambo hayo mawili yanaweza kufundishwa nyumbani, hata na mzazi asiyejua kuchora mstari mmoja. Kwa hiyo leo tueleze penseli za rangi ni kitu gani, aina zake zinatofautianaje, na namna ya kuzitumia kumchora mnyama mkubwa mwenye manyoya mafupi, kama farasi au ng'ombe.

MNYAMA ASIYEONEKANA KWETU

Mtoto wa Nkwenda, wa Kaisho au wa Nyaishozi anamjua farasi kwa picha tu. Humwona katika kitabu cha Kiingereza, katika kalenda, au katika picha za watakatifu: Mtakatifu Martino juu ya farasi akimgawia maskini joho lake, au Mtakatifu Jorji na mkuki wake. Hata katika picha za kuongoka kwa Paulo twamwona farasi aliyemwangusha. Lakini ukifungua kitabu cha Matendo ya Mitume, farasi hatajwi kabisa. Ni wachoraji waliomweka, nasi kwa kuzoea picha twadhani tumemsoma.

Kwa nini farasi ni haba katika sehemu nyingi za nchi zetu? Sababu kubwa ni maradhi. Yako maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni. Huua farasi upesi sana, lakini punda milia huyachukua bila kuumwa sana. Tena yako maradhi ya nagana yanayoletwa na mbung'o. Ng'ombe naye huumwa na mbung'o, na wafugaji wa Karagwe wanayajua mateso hayo tangu zamani.

Mtoto akimchora mnyama asiyemwona, huiga picha iliyochorwa na mtu mwingine. Asichokielewa katika picha ile hukiacha au hukikosea. Ndiyo sababu farasi wengi wa madaftarini wana miguu ya mbuzi na shingo ya mbwa. Penseli ya bei kubwa haiwezi kuiponya kasoro hiyo.

Kumbe dawa iko karibu. Katika wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa wako ng'ombe wa pembe ndefu, ambao uzuri wao huwavuta wageni wa mbali. Na katika Hifadhi ya Burigi-Chato, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, wako punda milia, ndugu wa damu wa farasi. Mtoto aanze na ng'ombe wa zizini. Akiisha kumjua huyo, farasi hatamshinda.

PENSELI YA RANGI NI KITU GANI?

Penseli nyeusi ya kuandikia haina risasi ndani yake, ijapokuwa watu wengi hudhani hivyo. Ina jiwe laini liitwalo grafiti. Jiwe hilo lilipatikana safi sana huko Borrowdale, Uingereza, katika karne ya 16. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata njia ya kusaga grafiti, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi, na kuichoma katika tanuri. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu. Ukipungua, huwa laini na nyeusi zaidi.

Penseli ya rangi ni kitu kingine. Ndani yake mna unga wa rangi, unga mweupe wa kuijaza, kitu cha kushikamanisha mfano wa gundi, na nta au mafuta. Haichomwi katika tanuri kama ile nyeusi, maana nta ingeyeyuka. Kwa sababu hiyo ni laini na huvunjika upesi. Tofauti zote za bei zinatokana na mambo haya: unga wa rangi ni mwingi au haba, ni mzuri au hafifu, na umeshikamanishwa kwa nta au kwa mafuta.

Mti wake nao una habari. Mti unaopendwa ni mwerezi, kwa kuwa huchongeka bila kupasuka. Sisi tunao mti wa namna hiyo hiyo, mwangati, unaoota katika milima ya Usambara, Kilimanjaro na Meru, na katika nchi ya Kenya. Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani waliukata huko Shume, Usambara, na kuuteremsha mlimani kwa njia ya kamba za chuma hadi Mkumbara, ili upelekwe Ulaya. Waingereza waliuita mwerezi wa penseli. Basi huenda penseli nyingi walizotumia watoto wa Ulaya zamani zilikuwa na mti wa milima yetu.

AINA MBALIMBALI ZA PENSELI

Twaweza kuzigawa penseli za rangi katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni penseli za shule za bei nafuu, zile zinazouzwa madukani Kayanga na Rubwera na minadani. Nyingi hutoka China na India. Unga wake wa rangi ni haba, nta ni nyingi. Ukipaka mara mbili au tatu karatasi huwa laini kama sabuni, na rangi mpya haishiki tena. Hata hivyo si mbaya zote. Katika kundi hili mna nzuri na mbovu, na baadaye tutaeleza namna ya kuzitambua.

Kundi la pili ni penseli za shule za viwanda vyenye jina la zamani, kama Faber-Castell na Staedtler, vyote vya Ujerumani. Faber-Castell ilianza mwaka 1761 katika kijiji cha Stein, karibu na mji wa Nuremberg. Staedtler ilianza mwaka 1835 katika mji wa Nuremberg wenyewe. Boksi la penseli 12 la kundi hili huwa na bei kubwa kuliko la kundi la kwanza, lakini penseli hazivunjiki ovyo, na rangi huonekana bila kukandamiza. Kwa jamaa nyingi za vijijini, hili ndilo kundi la kulenga.

Kundi la tatu ni penseli za mafundi zenye mafuta. Inayojulikana sana ni Polychromos ya Faber-Castell, iliyotokea mwaka 1908. Ni ngumu kidogo, ncha yake hudumu kali, nayo hupokea tabaka nyingi za rangi. Kwa kuchora unywele mmoja mmoja ni nzuri mno.

Kundi la nne ni penseli za mafundi zenye nta laini, kama Prismacolor ya Marekani, iliyoanza mwaka 1938. Hizi hutoa rangi nene na kung'aa, na huchanganyika kwa urahisi. Kwa ubavu wa farasi unaometameta juani, ni hizi. Lakini ncha huisha upesi, penseli ikianguka huvunjika ndani kwa ndani, na baada ya siku kadhaa nta yaweza kupanda juu ya mchoro kama ukungu mweupe. Ukungu huo hufutwa polepole kwa kitambaa laini.

Tena ziko penseli zinazoyeyuka majini. Caran d'Ache, kiwanda cha Geneva katika Uswisi, kilizitoa mwaka 1931 kwa jina la Prismalo. Jina la kiwanda linatokana na neno la Kirusi lenye maana ya penseli. Ukipaka rangi kavu, kisha ukapitisha burashi yenye maji, mchoro huwa kama wa rangi za maji. Kwa nyasi na kwa anga nyuma ya ng'ombe zinafaa, bali zinataka karatasi nzito.

Mzazi asihuzunike akisikia majina haya. Penseli moja tu ya mafundi yaweza kushinda bei ya boksi zima la shule. Hakuna sababu ya mtoto anayeanza kuwa nazo. Penseli 12 imara ni bora kuliko 36 zinazovunjika. Nyingi zile humfurahisha mtoto siku moja, kisha humkatisha tamaa mwaka mzima.

JINSI YA KUCHAGUA DUKANI

Usione haya kulitazama boksi kabla ya kulipa. Mwombe mwenye duka kwa adabu akufungulie moja, kisha fanya hivi.

Kwanza, tazama mwisho wa penseli. Kiini cha rangi kiwe katikati kabisa ya mti. Kikiwa upande mmoja, kichongeo kitakula mti upande wa pili na kiini kitavunjika kila mara.

Pili, tazama mti. Usiwe na ufa pale vipande viwili vilipogandishwa.

Tatu, jaribu rangi ya kahawia juu ya kipande cha karatasi, bila kukandamiza. Rangi ionekane wazi. Ikiwa hutaona kitu mpaka ukandamize kwa nguvu, ni nta tupu.

Nne, paka manjano, na juu yake paka kahawia. Kahawia ikiteleza bila kushika, penseli hizo hazitakupa tabaka. Uziache.

Liko jambo la tano, ambalo hufanyika nyumbani: jua hufisha rangi. Paka mistari ya rangi zote katika karatasi, funika nusu yake kwa kadi, uiweke dirishani mwezi mmoja. Ukiondoa kadi utaona zipi zimefifia. Mara nyingi zambarau na waridi ndizo za kwanza kufifia. Viwanda vya mafundi huandika alama juu ya penseli. Faber-Castell, mathalani, huweka nyota, na nyota tatu ni dalili ya rangi inayovumilia sana nuru.

KICHONGEO NA KARATASI

Kichongeo kibovu huua penseli nzuri. Nunua chenye wembe mkali, na kikiwa butu usikihurumie. Mfundishe mtoto azungushe penseli polepole wala asikaze. Penseli zisitupwe mfukoni pamoja na kokoto, zisianguke sakafuni. Penseli ikibaki fupi kama kidole cha mwisho, ichomeke katika kipande cha mwanzi mwembamba, itatumika mpaka mwisho.

Karatasi ya daftari ni nyembamba na laini, tena ina mistari. Inafaa kwa kujaribia umbo tu. Kwa mchoro wenyewe tafuta karatasi nzito yenye ukwaru kidogo, maana rangi hushika katika ukwaru huo. Karatasi ya manila yafaa kwa wengi. Kata moja kubwa vipande vinane.

Iko pia karatasi ya kaki, ile ya bahasha kubwa. Wengi huitupa, kumbe kwa kumchora ng'ombe mwekundu ni karatasi nzuri ajabu. Rangi yake yenyewe huwa ni mwili wa mnyama. Weka kahawia na nyeusi penye kivuli, na nyeupe penye jua. Penseli nyeupe, ambayo juu ya karatasi nyeupe haina kazi kubwa, hapa ndipo inapopata heshima yake.

KWANZA UMBO, BAADAYE RANGI

Mtoto mwenye penseli za rangi hutamani kupaka mara moja. Mzuie kwa upole. Ampe ng'ombe robo saa ya kumtazama tu, bila kuchora. Kisha aanze na mkaa wa jikoni juu ya kipande cha ubao, mahali anapoweza kufuta na kurudia bila gharama.

Aone mwili kama kibuyu kilicholala. Kifua ni duara, na nyonga ni duara dogo zaidi. Aunge maduara hayo kwa mstari wa mgongo na mstari wa tumbo. Shingo ni mche unaokwenda ukipungua. Kichwa ni kabari.

Halafu miguu, ambayo huwashinda watu wengi. Tazama mguu wa nyuma wa ng'ombe. Kile kiungo kinachopinda kuelekea nyuma, wengi hukiita goti. Si goti, ni kisigino! Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Ng'ombe na farasi husimama juu ya ncha za vidole vyao. Ng'ombe hukanyaga kwa vidole viwili, ndiyo maana kwato yake imepasuka. Farasi hukanyaga kwa kidole kimoja tu, na kwato yake ni nzima. Punda milia ni vivyo hivyo. Mtoto akilishika jambo hili moja, farasi wake hatakuwa tena na miguu ya mbuzi.

Kutoka hapo ni rahisi kumgeuza ng'ombe kuwa farasi. Farasi hana pembe wala ile ngozi inayoning'inia chini ya shingo. Masikio yake yamesimama juu ya kichwa, hali ya ng'ombe yametoka pembeni chini ya pembe. Mgongo wa ng'ombe wetu una nundu ndogo karibu na shingo. Farasi ana singa zinazoanguka shingoni, na mkia wake una nywele ndefu tangu juu, wala si kishada mwishoni tu. Kwa kipimo, urefu wa mwili wa farasi tangu kifuani mpaka matakoni ni kama vichwa vyake viwili na nusu. Tena jicho: mboni ya farasi na ya ng'ombe imelala kama punje, si duara kama ya mtu. Acha nukta ndogo nyeupe jichoni, na mnyama ataonekana yu hai.

SASA TUPAKE RANGI

Ukiwa na boksi la penseli 12, kahawia ni moja tu, na rangi za ng'ombe ni nyingi. Wafugaji wa Ankole, jirani zetu ng'ambo ya Murongo, humwita ng'ombe mwekundu wa kukoza bihogo, na yule mwenye rangi ya maji ya kunde humwita gaaju. Penseli ya kahawia peke yake haitoi hata mmoja wao. Hutokea kwa tabaka.

Kwa bihogo, anza na manjano kidogo sana mwili mzima, isipokuwa pale jua linapopiga mgongoni. Hapo acha karatasi ilivyo. Juu yake paka rangi ya chungwa, kisha nyekundu kidogo, kisha kahawia. Kila tabaka iwe nyepesi, mkono usikandamize. Mwisho, penye kivuli cha tumbo na nyuma ya bega, usikimbilie nyeusi. Nyeusi hufanya shimo katika mchoro. Paka buluu iliyokoza kidogo, kisha kahawia juu yake tena, nawe utapata kivuli kizito chenye uhai. Kwa gaaju fanya vivyo hivyo, lakini acha nyekundu, na kahawia iwe haba.

Mistari yako iwe mifupi, nayo ifuate njia ya manyoya: usoni yashuka kuelekea puani, shingoni yarudi nyuma, ubavuni yateremka kuelekea tumboni. Ncha iwe kali. Mchoro uliopakwa kwa kuzungusha penseli kila upande huonekana kama blanketi.

Farasi ana manyoya mafupi yanayong'aa kuliko ya ng'ombe. Hapo acha sehemu nyeupe zaidi katika bega, mgongo na matako, na mpito kutoka nuru kwenda kivuli uwe wa ghafula. Ukiisha weka tabaka zote, chukua penseli nyeupe au ya rangi hafifu, usugue kwa nguvu juu yake. Rangi zitaungana na kung'aa. Kazi hii hufanywa mwisho, kwa sababu baada yake karatasi haipokei kitu tena. Ikiwa farasi wako ni wa kahawia, mara nyingi singa, mkia na miguu ya chini ni nyeusi. Na farasi mweupe unayemwona katika picha kwa kawaida alizaliwa mweusi au kahawia, akaendelea kuwa mweupe kadiri ya umri.

Pembe za ng'ombe wetu zisiachwe nyeupe kama chaki. Zipakwe manjano hafifu penye shina, kijivujivu cha buluu upande wa kivuli, na ncha zikozwe. Zianze nene kichwani, zitoke pembeni, ndipo zipande juu. Zikianza nyembamba, zitaonekana kama fimbo zilizopachikwa.

KARAGWE NA PICHA ZA NG'OMBE

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya kigeni kwetu. Mfalme Rumanyika wa Karagwe, katika mji wake wa Bweranyange, alikuwa na hazina ya vitu vilivyofuliwa, na miongoni mwake mlikuwa na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina hiyo, akaandika habari za sanamu za bata na ng'ombe za shaba. Wahunzi wale hawakuwa na penseli hata moja. Walikuwa na macho, na walimjua ng'ombe.

Kabla yake, Novemba 1861, Speke na Grant walifika kwa Rumanyika. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda, lakini Grant aliugua mguu akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa. Grant alikuwa mchoraji. Picha nyingi katika kitabu cha Speke kilichotolewa mwaka 1863 zilitokana na michoro yake. Basi, miaka zaidi ya 160 iliyopita Karagwe ilitazamwa na kuchorwa na mgeni, na leo michoro ya mgeni ndiyo inayotusaidia kukumbuka.

Miaka thelathini hivi baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilipita katika nchi hizi ikafyeka mifugo. Makundi aliyoyaona Grant yaliteketea, na ni wachache waliobaki kuzaa tena. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011.

Wenzetu wametuonyesha kwamba chombo duni hakimzuii mwenye bidii. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 huko Dar es Salaam kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao nyembamba za kujengea, na jina lake leo ni jina la uchoraji mzima. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na London, alichora maisha ya vijijini, migomba na watu wake. Picha yake ya mwaka 1956 ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi imo katika jumba kubwa la sanaa la New York. Na ng'ambo ya mto Kagera, katika mashariki ya Rwanda, wanawake hufanya mapambo ya imigongo kwa samadi ya ng'ombe na majivu, wakayapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu.

SHAURI KWA WAZAZI

Siku hizi makundi yanabadilika mbele ya macho yetu. Wafugaji wengi wanamchanganya ng'ombe wa pembe ndefu na ng'ombe wa Ulaya kwa ajili ya maziwa. Bwana mifugo anashauri hivyo kwa sababu za haki: jamaa inahitaji maziwa na karo. Lakini pembe zinapungua, na rangi ambazo wazee walizijua kwa majina yake zinakwenda kusahauliwa pamoja na majina hayo.

Kwa hiyo, baba na mama, penseli 12 za mtoto si mchezo mtupu. Mkiweza, nunueni boksi moja imara kwa mwaka, baada ya mavuno ya kahawa au maharagwe, na kichongeo kizuri. Msiwanunulie watoto watatu maboksi matatu mabovu. Nunueni moja jema, wajifunze kugawana na kutunza. Jumapili alasiri mwacheni mtoto akae zizini na karatasi yake. Babu yake akae karibu amwambie: huyu rangi yake yaitwaje, mama yake alikuwa nani, alitoka kwa nani.

Mchoro ukiisha, mtoto aandike nyuma yake jina la ng'ombe, jina la rangi yake kwa lugha ya nyumbani, kijiji na mwaka. Kisha auweke ndani ya kitabu kikubwa, mbali na jua na moshi. Farasi atamchora baadaye, naye atamchora vizuri. Lakini ng'ombe yule aliye zizini leo, na mzee anayejua jina la rangi yake, hawatamngoja.